Mrudisha Tarehe

Jumatatu, 4 Machi

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke nyumbani. Mvua imeanza. Bati la karakana linapiga kelele mpaka mtu akikusemesha sikioni husikii. Tajiri wetu anafurahi, maana mvua ikinyesha hakuna anayepita huku nyuma ya maduka ya matairi kuuliza humu ndani kunatengenezwa nini.

Humu ndani tunatengeneza kompyuta, na si za kampuni yoyote. Bodi zinatolewa kwenye mashine zilizokufa. Betri zinavuliwa ganda la zamani, zinavikwa jipya. Fundi Gundi anabandika juu ya mfuniko nembo ya kampuni ambayo ikitujua itatufunga sote. Mama Skrubu anafunga upande wa chini, na kabla ya kufunga anatia kipande cha chuma, kwa sababu mashine nyepesi mteja anaishtukia. Msomi, aliyefika chuo mwaka mmoja akarudi, anaweka programu za wizi. Wa mwisho ni mimi. Programu hizo zina muda wake, zikiijua tarehe ya leo zinagoma. Basi mimi naishika kila mashine, narudisha tarehe yake nyuma miaka sita, naipangusa na kuitia kwenye boksi. Wenzangu wananiita Bwana Jana.

Niliishia darasa la sita na kazi hii haidai zaidi. Ila mtu akishinda anaandika tarehe za uongo, akitoka nje hajui leo ni lini. Ndiyo sababu nimeanza kuandika hapa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Kazi. Mgongo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimezungumza na binti yangu. Yuko mwaka wa mwisho, anasomea kuchora ramani za majengo. Kazi yake ya mwisho ni wodi ya wazazi ya zahanati, na lazima iwasilishwe mwishoni mwa Aprili. Kuna mhandisi aliyemwambia kwamba akifaulu, meza yake ipo ofisini kwake. Tatizo ni kompyuta. Za chuo ni chache, wanapanga foleni kama wanachota maji, na mtu akifika zamu yake umeme unakatika.

Hakuniomba kitu. Huyu mtoto hajui kuomba, amefanana na mama yake. Mimi ndiye niliyesema nitamletea yake.

"Mpya, baba?"

"Mpya. Orijino."

Akacheka kidogo. Nilikuwa sijakisikia kicheko chake siku nyingi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwomba Tajiri anipe mashine moja badala ya malipo ya likizo ambayo sikwenda. Akacheka, akaniambia nichague mwenyewe kuanzia msumari wa kwanza, nisije nikasema niliuziwa.

Nimechagua kama mtu anayemchagulia mtoto mchumba. Bodi isiyo na alama ya moto, kioo kisicho na doa, betri isiyo na tumbo. Niliamini kwamba ubaya wa mashine zetu ni haraka, na kwamba moja ikifanywa polepole na kwa moyo itakuwa kama ya kweli. Fundi Gundi alibandika nembo kwa rula. Msomi aliweka ile programu ya kuchorea ambayo maofisi makubwa yanainunua kwa bei ya ng'ombe, akasema ni zawadi ya baba mdogo.

Nilimwambia Mama Skrubu hii asiitie chuma. Akanitazama.

"Akiishika nyepesi atajua."

Nikafikiri, nikamwambia atie. Akakaza skrubu huku akisema rahisi huvunja upishi, kwamba mtoto angenunuliwa iliyotumika lakini ya kweli. Mama huyu ana mdomo mchungu, sijapata kumsikia akisifia kitu. Nikamwambia kila mtu na mtoto wake.

Mwisho nikarudisha tarehe. Mkono ulifanya wenyewe.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemkabidhi boksi dereva wa lori anayeelekea kwetu. Nimelifunga kwa nailoni, mvua imezidi.

Jumamosi, 23 Machi

Imefika. Nilisikia wenzake nyuma yake wakigombea kuishika. Anasema ni nzito, imara. Chuma cha Mama Skrubu hicho. Nilijisikia vizuri na vibaya kwa wakati mmoja.

Kisha akasema, "Baba, ila tarehe yake iko nyuma miaka mingi. Niirekebishe?"

Nikamwambia asiiguse kabisa. Nikamwambia mashine za huku hutoka kiwandani hivyo, akiigusa programu ya kuchorea itakufa.

"Sawa, baba." Hakuuliza mara ya pili.

Jumapili, 31 Machi

Binti ameniambia herufi mbili za kibodi zimebanduka. Mtandao haufunguki kwenye mashine ile, kila ukurasa unamwambia si salama. Msomi anasema ni kawaida, mtandao hauelewani na mashine iliyo nyuma ya wakati, abebe kazi yake kwenye flashi. Nikampa ujumbe huo kana kwamba nimeutunga mimi.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Chumba chetu mimi na Msomi kinavuja upande wake. Tumehamisha magodoro, sasa tunalala kama sahani kabatini. Ni mtu mzuri, ana maneno mengi.

Jumapili, 7 Aprili

Mke wangu ameniambia siri ambayo binti hakutaka niijue. Mashine inachemka. Anaiweka juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini yake, naye anakaa sakafuni na kuipepea kwa mfuniko wa sufuria. Wiki iliyopita ilizimika yenyewe ikala kazi ya siku nzima. Hakulia, alianza upya.

"Usimwambie nimekuambia," mke wangu alisema. "Anasema baba alihangaika."

Ijumaa, 12 Aprili

Betri imevimba mkononi mwa Fundi Gundi kama andazi. Akairusha nje kwenye mvua, ikatoa moshi ndani ya dimbwi. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Jumamosi, 20 Aprili

Amemaliza! Ametuma picha ya mchoro kwenye simu. Sikuielewa yote lakini niliifuata mistari kwa kidole: vitanda, milango mipana ambayo kitanda kinapita na mtu amelala juu yake, madirisha yaliyoupa upepo wa mvua mgongo. Sikuweza kukaa nayo peke yangu. Aliyekuwa karibu ni Mama Skrubu, nikampa simu.

Aliitazama mpaka kioo kikazima, akakiwasha tena. Akauliza wanawake wataogea wapi. Nikamwonyesha. Akauliza mwenye mtoto aliyefariki atalala pamoja na wenye watoto hai? Sikujua, nikampigia binti papo hapo. Akasema kuna chumba kidogo pembeni, kile chenye mlango wake, amekichora kwa ajili hiyo.

Mama Skrubu akanirudishia simu. "Huyu anajua kazi," akasema, akarudi kwenye skrubu zake. Nimefanya naye kazi mwaka mzima na leo nimegundua kwamba sijui kama ana watoto.

Ijumaa, 26 Aprili

Amewasilisha. Mvua imepumzika nusu siku. Nimefua.

Jumatano, 1 Mei

Kimya kutoka nyumbani. Nadhani ni mtandao.

Jumapili, 5 Mei

Haukuwa mtandao.

Mke wangu amepiga leo mchana. Hakunisalimu. Alinieleza polepole kama mtu anayesoma tangazo la msiba, nami ninaandika kama alivyosema.

Walimu watatu walimwita binti yangu ndani. Waliusifia mchoro wake, mmoja akasema katika miaka yake yote hajaona mwanafunzi aliyekifikiria kile chumba cha pembeni. Kisha akageuza kioo cha kompyuta yao kikamwelekea yeye. Kila faili kwenye flashi ilikuwa na tarehe ya miaka sita iliyopita. Iliyoanzishwa, iliyorekebishwa, zote. Mwalimu akamwuliza:

"Ulichora wodi hii ukiwa kidato cha pili?"

Binti akaeleza kwamba tarehe ya mashine yake ndivyo ilivyotoka kiwandani. Wakamwambia hakuna kiwanda kinachotoa mashine ya namna hiyo, kwamba mashine ya kweli ikiguswa na mtandao tu inajiweka sawa. Wakamwuliza kazi hii ni ya nani, ameinunua kwa mhitimu gani. Akasema ni yake. Wakamwuliza kama ile kompyuta ni feki, aseme tu, litakuwa jambo jingine.

Akawaambia, "Ni orijino. Baba yangu hawezi kunidanganya."

Hayo ndiyo maneno yaliyomfunga. Angenishuku kidogo tu, angekuwa amepona. Wameipeleka kesi kwa mkuu wa idara. Akionekana ameiba kazi ya mtu atafukuzwa, na jina lake litabandikwa kwenye ubao getini ambapo kila mtu anapita.

Mke wangu akamaliza, akaniuliza, "Ni orijino?"

Nikasema simsikii, mtandao mbaya. Nikakata.

Nimekaa kitandani na simu mapajani. Hakupiga tena. Ananijua.

Jumatatu, 6 Mei

Nilimwuliza Msomi. Akanieleza kwamba kila faili huzaliwa na tarehe ya mashine, na inatembea nayo popote iendapo, kama mtu na kovu lake. Nilimwambia mimi nilidhani tarehe inakaa pale kwenye kona ya kioo tu, kama saa ya ukutani. Saa ikikosea, kitanda na meza havibadiliki.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akawaita wengine. Fundi Gundi akasema Bwana Jana amemrudisha jana hata mtoto wake. Walicheka wote isipokuwa Mama Skrubu. Halafu wakaniona uso, wakarudi kwenye viti vyao mmojammoja.

Mchana niliendelea na kazi. Mashine zilikuja mbele yangu, nikazirudisha nyuma. Kila moja nilijiuliza inakwenda kwa mtoto wa nani.

Jumatano, 8 Mei

Nimeenda kwa Tajiri. Nilitaka karatasi moja tu inayosema mashine ile haikutoka kiwandani na tarehe yake iliwekwa kwa mkono.

Hakupandisha sauti. Alinipa kiti. "Mzee wangu, nikiandika hivyo nimejifunga kamba mwenyewe. Na hawa wenzako utawapeleka wapi?" Badala yake akafungua droo, akataka kunipa risiti mpya yenye mhuri wa duka ambalo halipo, inayosema ni orijino. Alidhani ananisaidia. Nikamwambia risiti hiyo ndiyo itammaliza kabisa. Akashangaa, akasema kumbe mimi mgumu.

Jioni Msomi alinisubiri chumbani. Akasema mtoto akirudia mwaka, mwaka hupita, lakini mimi nikifungua mdomo watu hawa hawatakula. Akasema chuo kikijua, polisi watajua, na polisi wa huko wana ndugu zao huku. Nikamwambia si kurudia mwaka, ni jina lake kubandikwa getini. Akasema mvua itanyesha, karatasi italowa.

Nilimwona mtu mzuri kwa sababu ya maneno yake. Kumbe nilikuwa sijawahi kumhitaji.

Jumapili, 12 Mei

Nimeongea na binti mwenyewe. Leo nilikuwa nimejipanga, lakini hakuna kujipanga.

Akanipa shikamoo. Nikaitikia. Akaanza yeye kunipa pole, kwamba nisihuzunike, kwamba Alhamisi mkuu wa idara atamsikiliza na anachohitaji ni mimi kumtumia risiti ya dukani.

"Mama," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita akiwa na shida, "risiti haipo. Duka halipo. Ile mashine nimeitengeneza mimi na wenzangu."

"Umeitengeneza?"

"Ndiyo kazi yangu. Nembo tumebandika. Programu ni ya wizi. Tarehe nimeirudisha nyuma mimi, kwa mkono wangu."

Mvua ilinyesha upande wangu, upande wake palikuwa pakavu, nilisikia kuku.

"Nilipokuuliza niirekebishe," akasema, "ulikuwa unajua?"

Nikasema nilijua kwamba ni uongo, sikujua kwamba utamfuata.

Hakupiga kelele. Alisema, "Niliwaambia huwezi," akamrudishia mama yake simu. Mke wangu akasema nisubiri simu ya mkuu wa idara Alhamisi, na nisije nikasema mtandao mbaya.

Mchuma janga hula na wa kwao, tuliimbishwa hivyo darasani. Mimi nilimwandalia mwanangu, nikamwachia sahani peke yake.

Alhamisi, 16 Mei

Asubuhi nilimwambia Mama Skrubu kwamba sitaingia, na sababu yake. Akavua aproni, akatoka na mimi. Tulisimama barazani kwa duka la matairi lililofungwa, simu nimeiweka sauti ya juu, matone yanatupiga miguuni.

Mkuu wa idara ni mwanamke, sauti kavu. Alisema binti yupo mbele yake na ile mashine iko mezani. Akataka nijieleze. Nikamweleza kila kitu kuanzia bodi mpaka boksi. Sikutaja mahali, sikutaja mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, mzazi yeyote angeweza kusema hivyo ili kumwokoa mtoto wake."

Mama Skrubu akanyoosha mkono, akachukua simu.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi si mzazi wake. Mimi ndiye niliyeifunga. Fungueni upande wa chini, kushoto, mtakuta chuma nimekigundisha. Hakina kazi yoyote, ni cha uzito tu."

Tukasikia wakitafuta bisibisi. Tukasikia skrubu zikidondoka mezani. Kisha kitu kizito kikagonga ubao, na mwalimu mmoja akasema neno ambalo walimu hawasemi.

Mkuu akauliza kwa utulivu kama kuna kingine. Mama Skrubu akasema, "Wodi aliichora mwenyewe. Nilimwuliza swali gumu akiwa mbali, akajibu kabla sijamaliza." Akanirudishia simu. Nilimwuliza kwa nini amejitia kwenye moto usio wake. Akasema alijifungulia kwenye wodi isiyo na kile chumba.

Ijumaa, 17 Mei

Tumefukuzwa wote wawili, mimi na Mama Skrubu. Msomi alikuwa amekwishapeleka habari kwa Tajiri. Sikumlaumu kwa sauti.

Jumatatu, 20 Mei

Uamuzi umetoka. Binti yangu si mwizi, wamelifuta neno hilo. Lakini kazi yake hawaipokei. Wanasema mashine inayoweza kusema tarehe yoyote haiwezi kuwa shahidi wa tarehe yoyote, na programu ya wizi ni marufuku kwao hata mchoro ukiwa wa dhahabu. Atarudia mwaka wa mwisho. Mhandisi ameshampa meza mtu mwingine.

Nilipita karakana kudai siku zangu. Kufuli jipya. Nikachungulia kwenye tundu: hakuna meza, hakuna kiti, harufu ya gundi tu. Wamehama na mali yote. Watu hawa hawatakosa kula, mahali wamepata. Mashine zitaendelea.

Jumatano, 22 Mei

Nimepata kibarua ghala la saruji. Mvua inapenya, mifuko ya chini inaganda kuwa mawe, na mwenye ghala anatulaumu sisi kana kwamba ni sisi tunaoinyesha.

Jumapili, 26 Mei

Nimepiga. Mke wangu amepokea. Binti yupo, hataki.

Jumanne, 28 Mei

Nimekutana na Mama Skrubu sokoni, anashona mabegi kwa mtu. Amekonda. Nilianza kumwomba msamaha, akanikatiza, akauliza binti amekula nini na analala vipi. Nikamwambia bado hataki kuzungumza nami. Akasema niendelee kupiga simu hata asipopokea, asikie inavyolia.

Jumapili, 2 Juni

Mvua imekwisha. Barabara inatoa mvuke.

Leo binti amepokea mwenyewe. Shikamoo, marahaba, kisha tukaulizana habari za mvua kama wageni kwenye benchi moja. Akasema anauchora upya ule mchoro kwa penseli, kwenye karatasi kubwa alizopewa na yule mkuu wa idara, ili usimtoke kichwani. Ile mashine imebaki chuoni, wanawaonyesha wanafunzi wapya. Januari atapanga tena foleni ya kompyuta za chuo. Nikasema nitalipa ada yote ya mwaka huo. Akasema asante, kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko tusi.

Nikaona nimpe kitu cha kushika. Nikaanza kumwambia, "Mwanangu, mimi nitarudi tarehe..."

"Baba," akasema, "usiniambie tarehe. Tarehe zako nazijua."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwonya mwenzake kwamba sakafu imelowa. Nikasema sawa. Akaniaga.

Sikumwambia, wala mama yake sijamwambia. Kazi ya ghala inaisha mwanzoni mwa Desemba, na ada itakuwa imetimia. Jumamosi, 14 Desemba, nitakuwa mlangoni kwao, na ndipo atakapojua kwamba nilikuwa narudi.